Maswali ya Wasomaji: Vioo vya Pembeni kwa Gari la Zamani

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu vioo vya kutazamia nyuma kwenye magari yaliyotoka kiwandani bila vioo hivyo, au yenye vioo vilivyochoka. Tumechagua sita. Ili tusichanganyane, "kioo" humu ni kile cha kutazamia nyuma. Kile kinachopanda na kushuka mlangoni tunakiita kioo cha dirisha.

Mlango au madigadi?

*Hamjambo wahariri. Nina Morris Minor 1000 ya mwaka 1961 niliyoachiwa na marehemu baba. Ina kioo cha ndani peke yake. Pembeni haina kitu, kushoto wala kulia. Nikitoka Lanet kuingia mjini, matrela hunijia upande wa kulia nikiwa sina habari mpaka nisikie honi. Fundi mmoja anataka kutoboa mlango, mwingine anataka kutoboa madigadi, nami nawaogopa wote wawili. Bodi hii haijawahi kuguswa na drili. Nianzie wapi?*
— Msomaji, Lanet, Nakuru

Anzia kitini, ndugu yetu. Drili ingoje. Tundu likishatobolewa halirudi, na makosa mengi kwenye magari haya hutokana na fundi kuchagua mahali akiwa amesimama nje, akitazama pale ambapo kioo kitapendeza. Kioo ni cha jicho la dereva. Kaa vile unavyokaa safarini, mgongo ukiwa umeegemea kiti, dirisha likiwa limefungwa. Mpe mtu kioo ulichonunua akishike nje, akisogeze juu ya bati la mlango polepole, sentimita mbili mbili, wewe ukimwelekeza. Unatafuta pale unapoona barabara ya nyuma kwa kugeuza kichwa kidogo tu, bila kukatwa na nguzo ya kioo cha mbele wala fremu ya kile kidirisha cha pembetatu. Akifika hapo, aweke alama kwa ile tepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi. Kama gari huendeshwa na watu wawili, mrefu na mfupi, kila mmoja akae kivyake na alama ziwe mbili. Tundu liwe katikati, kisha shingo ya kioo imalizie tofauti iliyobaki.

Sasa swali la mlango au madigadi. Tunajua picha za magari ya miaka ya 60 yenye vioo vya duara mbele kwenye madigadi huvutia, na kweli yanapendeza. Lakini angalia hesabu. Kioo bapa chenye upana wa sentimita 10, kikiwa mlangoni sentimita 70 kutoka jicho lako, kinakuonyesha upana wa mita 3 hivi wa barabara, mita 20 nyuma. Hiyo ni leni nzima. Kioo hichohicho ukikipeleka kwenye madigadi, mita moja na nusu kutoka jichoni, upana unashuka hadi mita 1.4. Lori lina upana wa mita 2.5. Yaani utaona nusu ya lori, na bodaboda inayolipita lori hilo hutaiona kabisa.

Kioo cha mbinuko, kile kilichofura kidogo katikati, hupanua picha. Vingi vya magari vina mbinuko wa nusu kipenyo cha sentimita 120 au zaidi, yaani kioo ni kama kipande kilichokatwa kutoka tufe kubwa la kiasi hicho. Chenye sentimita 120, kikiwa mlangoni kwako upande wa kulia, kitaonyesha mita 6 badala ya 3. Kwenye madigadi kitaonyesha karibu mita 4.8, na upande wa kushoto, ambako mlango uko sentimita 130 hivi kutoka jicho lako, kitaonyesha kama mita 5 pale ambapo kioo bapa kingekupa 1.6 tu. Gharama yake ni kwamba kila kitu huonekana kidogo. Mlangoni upande wa dereva, trela huonekana chini ya nusu ya ukubwa wake, na jicho hutafsiri udogo kuwa umbali. Hapo ndipo watu huingia leni wakidhani wana nafasi.

Kwa gari lako tungefunga kioo bapa mlangoni upande wa kulia, na cha mbinuko mlangoni upande wa kushoto. Kabla ya kuhama leni, tumia cha mbinuko kujua kama kuna mtu, kisha kioo bapa cha ndani kujua yuko umbali gani. Ukinunua, angalia shingo: kioo cha kushoto hugeuzwa zaidi kumwelekea dereva kuliko cha kulia, na vingine vya bei rahisi hukwama kabla ya kufika pembe hiyo. Kigeuze dukani mpaka mwisho kabla ya kulipa.

Alama ikishawekwa, fanya majaribio matatu. Fungua mlango mpaka mwisho uone kama mkono wa kioo hautagonga madigadi. Fungua kidirisha cha pembetatu uone kama hakitagonga mkono. Kisha ondoa bitana ya ndani ya mlango, ingiza mkono na tochi, uangalie kilicho nyuma ya alama. Kioo cha dirisha husafiri ndani ya reli iliyoshuka kutoka kwenye ule mwimo ulio nyuma ya kidirisha cha pembetatu. Mbele ya mwimo huo kwa kawaida hakuna kinachosogea, na ndiyo sehemu salama ya kutoboa. Nyuma yake, hata ncha ya bolti iliyozidi milimita 5 itakwaruza kioo cha dirisha kila ukikiteremsha.

Bati la mlango lina unene wa karibu milimita 1. Skrubu za kujikata njia haziwezi kushika humo: zina uzi mmoja au miwili tu iliyouma bati, na mtetemo wa barabara huzing'oa ndani ya miezi michache, zikiacha tundu lililopanuka na kutu. Tengeneza bati la kuimarisha la milimita 2, sentimita 4 kwa 8 hivi, ulikunje lifuate umbo la mlango kwa ndani, ulipake rangi pande zote. Kioo kifungwe kwa bolti mbili za spana namba 10 zinazopita bati la mlango na bati hili, kila moja na washa pana na nati yenye plastiki ndani.

Kutoboa kwenyewe ni kazi ya dakika kumi, maandalizi ndiyo marefu. Pandisha kioo cha dirisha mpaka juu kabisa, ili kisiwe ndani ya mlango biti ikipenya ghafla. Bandika tepu ya karatasi mahali pote pa kazi, chora matundu kwa kufuata kitako cha kioo, piga panchi. Bila panchi biti huteleza na kuandika mstari kwenye rangi ambao hakuna wa kuufuta. Zungushia biti tepu sentimita moja kutoka kwenye ncha, ikuonyeshe pa kusimamia. Anza na biti ya milimita 3 kwa mwendo wa pole na tone la mafuta, kisha ingiza ya milimita 6.5. Lainisha kingo kwa tupa ya duara. Zoa unga wa chuma wote, wa nje na ule uliodondoka ndani ya mlango. Sumaku iliyofungwa ndani ya kitambaa inatosha. Unga huo ukibaki utashika kutu mvua ya kwanza, na utaziba vile vitundu vya kutolea maji chini ya mlango. Ukiwa hapo, vizibue.

Paka praima ya zinki kwenye kingo za tundu, iache ikauke usiku kucha, kisha rangi. Watu wengi huruka hatua hii kwa sababu kitako cha kioo kitafunika tundu. Maji hupita chini ya kitako, na miaka miwili baadaye unaona mapele ya kutu yakitambaa kutoka ukingoni.

Chini ya kitako weka mpira uliokatwa kutoka tyubu ya gari, wenye umbo lilelile la kitako. Paka silikoni kidogo kuzunguka kila bolti. Kaza kwa zamu, upande huu kisha ule, mpaka mpira uanze kujitokeza kidogo pembeni. Simamia hapo. Ukizidisha, bati linabonyea, na kioo kinakaa ndani ya bakuli linalotunza maji. Mwaga jagi la maji juu yake kabla ya kurudisha bitana. Ndani pawe pakavu. Ukaze tena baada ya kilomita 100 hivi, kwa sababu mpira huwa umejilaza.

Kama moyo wako unakataa drili kabisa, na tunakuelewa, kipo kioo cha klampu kinachoshika ukingo wa mlango kwa skrubu mbili ndogo za ndani. Pima nafasi kati ya mlango na madigadi kabla ya kukinunua: bati la klampu na mpira wake huhitaji milimita 4 hadi 5. Nafasi ikiwa finyu, mlango utakwangua rangi ya madigadi kila unapofunguliwa. Weka kipande cha tyubu kila upande, na kila baada ya miezi mitatu ulegeze skrubu uangalie kama zimetoboa rangi. Ubaya wa klampu ni kwamba hutikisika kuliko bolti.

Mwisho, kukiseti. Ukiwa umekaa, ubavu wa gari lako uonekane kama utepe mwembamba ukingoni mwa kioo, na mstari wa upeo wa macho upite katikati. Wengi hujaza robo ya kioo kwa mlango wao wenyewe, na mlango wao haujawahi kumgonga mtu kutoka nyuma.

Picha inatetemeka

*Beetle yangu ya 1964 ina kioo kilichoshikwa na pini ya bawaba ya juu ya mlango. Mjini kinaonyesha vizuri. Nikitoka Kisumu kuelekea Ahero na kufika kilomita 60 kwa saa, picha inatetemeka mpaka siwezi kutofautisha matatu na tuktuk. Nimebadilisha kioo mara mbili. Shida ni nini?*
— Mwenye Beetle, Mamboleo, Kisumu

Kwa kuwa umebadilisha kioo mara mbili na tatizo limebaki, yaelekea haliko kwenye kioo. Mtetemo una makazi matatu: bamba (kile kipande chenyewe kinachoonyesha picha) ndani ya kombe lake (ganda linalokibeba), gololi ya shingo inayowezesha kombe kugeuka, au mahali mkono unaposhikwa na gari. Yatofautishe hivi. Washa injini, gari likiwa limesimama, mtu akanyage mafuta kidogo mpaka picha ianze kucheza. Bonyeza bamba kwa kidole kimoja. Picha ikitulia, bamba limelegea ndani ya kombe. Isipotulia, shika kombe. Ikitulia sasa, ni gololi ya shingo. Isipotulia bado, shika mkono karibu kabisa na bawaba. Kwa Beetle za kabla ya modeli ya 1968, ambazo kioo chake hukaa kwenye bawaba hivi, jibu mara nyingi liko hapo.

Pini ya bawaba huliwa na miaka. Inua mlango kwa mkono ukiwa wazi kidogo: ukipanda na kushuka, pini au tundu lake limeisha, na kioo chako kimesimama juu ya kitu kinachocheza. Hakuna kioo kitakachotulia hapo, hata ukinunua cha tatu. Jaribu kwanza mafuta ya kulegeza kutu na usafi. Uchafu ukitoka, ukaze upya skrubu ya mkono. Ikiwa uchezaji ulikuwa wa mkono kwenye pini tu, utapona.

Ikibidi kubadilisha pini, usiipige nyundo ikiwa kavu. Inakaa kwa kubanwa sana, na ukiipiga kwa nguvu unapinda bawaba, mlango unaanza kukaa vibaya, na sasa una kazi ya fundi wa bodi. Loweka kwa mafuta ya kulegeza kutu usiku mbili. Weka ubao na jeki chini ya mlango ubebe uzito wake, ili bawaba ya chini isiteseke peke yake. Sukuma pini kutoka chini kwenda juu kwa kipande cha chuma chenye unene unaokaribia wa pini, ukiipa bawaba joto kidogo kama rangi si ya kuhifadhiwa. Isiposogea baada ya majaribio machache ya upole, iache. Weka kioo cha klampu, bawaba yako ibaki nzima.

Kuhusu urefu wa mkono: mkono mrefu mwembamba hucheza kuliko mfupi mnene, na kombe zito huongeza. Kama hivyo viwili ulivyobadilisha ni vikubwa kuliko cha asili, rudi kwenye kidogo. Beetle ni gari jembamba, kioo cha duara cha sentimita 10 kinalitosha.

Unga mweupe kuzunguka bolti

*Land Rover Series III yetu ya shamba ina vioo viwili vilivyofungwa kwa bolti za kawaida. Rangi kuzunguka bolti imefura, na nikiikwangua natoa unga mweupe. Tundu moja limekuwa kubwa, kioo kinaning'inia. Nilidhani Land Rover haishiki kutu.*
— Msomaji, Webuye

Bodi yake ni aluminiamu, kwa hivyo haishiki kutu nyekundu ya chuma. Lakini aluminiamu ikigusana na bolti ya chuma, na maji yakaingia katikati, vyuma hivyo viwili huwa kama betri ndogo, na anayeliwa ni aluminiamu. Unga mweupe ndio mabaki yake. Kubadilisha na kuweka bolti za stenlesi hakusaidii. Zenyewe hazitaharibika, bodi itaendelea kuliwa. Dawa ni kuzuia vyuma hivyo visigusane na maji yasiingie.

Ondoa kioo. Piga msasa mpaka uone chuma king'aavu pande zote. Usitumie brashi ya waya wa chuma, maana huacha chembe za chuma ndani ya aluminiamu, na kila chembe huanza betri yake. Osha, kausha vizuri juani. Paka praima ya kuuma aluminiamu. Ile nyekundu ya kawaida ya vyuma hubanduka kama ganda la yai. Kwa tundu lililopanuka, kata bati la aluminiamu la milimita 2, lenye ukubwa wa kiganja cha mtoto, ulifunge kwa ndani kwa ribiti za aluminiamu, kisha utoboe tundu jipya humo.

Wakati wa kufunga, bolti ipite ndani ya kijibomba cha plastiki. Ganda la waya mnene wa umeme lililovuliwa linatosha, ukipanua tundu kidogo ili lipite. Chini ya kitako weka mpira wa tyubu, chini ya washa weka washa ya plastiki, kisha paka grisi kwenye nyuzi za bolti. Chuma kisiguse bodi popote.

Na mahali penyewe: usifunge kioo kwenye ile sehemu ya juu ya mlango inayobeba madirisha ya kuteleza. Inavuliwa, kwa hivyo inacheza, na picha itacheza nayo. Ukipata mkono wa kioo unaoshikwa na bolti za bawaba ya mlango, hutahitaji tundu jipya hata moja. Nunua bolti ndefu kuliko za zamani kwa unene wa bati la mkono huo, vinginevyo bawaba itashikwa na nyuzi chache.

Bamba limekuwa jeusi

*Bamba la kioo cha gari langu lilipasuka. Fundi wa vioo vya nyumba alinikatia kipande, akakigandisha kwa silikoni. Msimu mmoja wa mvua haujaisha, kingo zimekuwa nyeusi na weusi unaingia ndani. Nimeuziwa kioo kibovu?*
— Mama mwenye Cortina, Kakamega

Huenda kioo kilikuwa kizuri, mama, gundi ndiyo iliyokiharibu. Silikoni nyingi za dukani, zile zenye harufu ya siki zikiwa mbichi, hutoa asidi zinapokauka, na asidi hiyo hula rangi ya fedha iliyo nyuma ya kioo. Omba silikoni isiyo na asidi. Inusishe kabla ya kununua kama kuna mkebe ulio wazi. Tepu ya sponji ya pande mbili inayogandishia vioo vya magari nayo ni nzuri.

Adui wa pili ni ukingo. Fundi akikata, fedha ya nyuma inabaki wazi pembeni, na mvua ya Kakamega haikosi njia. Kabla ya kugandisha, pitisha rangi ya kucha kuzunguka ukingo wote, iingie na nyuma kama milimita 3. Iache ikauke, rudia mara ya pili. Kichupa kimoja kinamaliza vioo viwili na kinabaki.

Kupata umbo, weka karatasi juu ya kombe tupu, isugue kwa penseli ukingo ujichore, ukate ndani ya mstari kwa milimita 1 pande zote. Bamba likigusa kombe bila nafasi, hupasuka gari likianikwa juani. Mwambie fundi unataka kioo cha milimita 2 au 3. Vile vinene vya bafuni vina uzito unaoongeza mtetemo, na usiku hukupa taa mbili kwa kila taa ya gari la nyuma: moja kali kutoka kwenye fedha, nyingine hafifu kutoka uso wa mbele wa kioo. Silikoni ipakwe kwa mistari, usiijaze yote. Inakauka kwa unyevu wa hewa, na ikijazwa, ya katikati hubaki mbichi siku kadhaa huku bamba likiteleza. Lifunge kwa tepu kwa saa 24. Na kama kombe halina tundu la kutolea maji chini yake, toboa la milimita 3 kabla ya kuweka bamba.

Ikiwa bamba lililopasuka lilikuwa la mbinuko, usikubali bapa badala yake upande wa kushoto. Nunua bamba la mbinuko la gari kubwa, hata la kombe lililovunjika, fundi alikate kwa kufuata karatasi yako. Huvunjika kirahisi kuliko bapa likikatwa, kwa hivyo mkubaliane kabla ni nani atalipa likivunjika.

Datsun ya Japani

*Nimenunua Datsun iliyoagizwa kutoka Japani, vioo viko mbele kabisa kwenye madigadi. Marafiki wananiambia niving'oe niweke vya mlangoni. Ni sawa?*
— Kijana, Njoro

Viache. Japani haikuruhusu vioo vya mlangoni kwenye magari yake mpaka mwaka 1983, kwa hivyo hivyo ni vya asili yake, na mabamba yake ni ya mbinuko, yamepangiwa umbali huo. Faida yake ni kwamba unaviona vyote viwili kupitia kioo cha mbele, jicho halihami barabarani sana. Taabu ni kuviseti: mmoja akae, mwingine ageuze. Ukiving'oa utabaki na matundu mawili hadi manne mbele ya gari, ya kuchomelewa na kupigwa puti na rangi. Ukitaka nyongeza, ongeza cha klampu mlangoni upande wa dereva na ujizoeze picha mbili.

Kuzuia wezi

*Nimepata vioo vya kromu vya zamani baada ya kutafuta mwaka mzima. Nikiegesha karibu na Kibuye siwezi kutulia. Kuna njia ya kuvifunga visiibiwe?*
— Msomaji, Kisumu

Kilichofungwa kwa bolti na nati ndani ya mlango, kama tulivyomweleza msomaji wa Lanet, kina nafuu, maana nati haifikiwi bila kufungua mlango na bitana. Ongeza hili: nati ikishakazwa, piga panchi mara mbili kwenye ncha ya bolti ili nyuzi ziharibike na nati isirudi. Hakikisha kwanza kwamba kioo kimekaa unavyotaka, kwa sababu kukitoa baadaye kutahitaji kukata.

Cha klampu ndicho rahisi kuibiwa, kwa kuwa skrubu zake ziko wazi mlango ukifunguliwa, na magari ya zamani hufunguliwa kwa waya. Kama skrubu zina tundu la pembe sita, tafuta gololi ndogo ya bearing iliyozidi tundu hilo kwa unywele, uipige nyundo iingie. Ufunguo hautapata pa kuingia. Ukitaka kuitoa siku moja, itobolee pembeni na kuichokoa.

Shingo nayo isisahauliwe. Mwizi akishindwa na kitako huvuta kombe litoke kwenye gololi yake. Kama kombe hukazwa kwa skrubu ya nyuma, liseti kwanza, kisha tone moja la gundi ya nyuzi kwenye skrubu hiyo.

Kuchonga namba ya gari kwenye bamba, kama inavyofanywa kwa magari mapya, hupunguza bei ya wizi. Kwa kioo cha zamani mwambie mchongaji aandike herufi ndogo chini kabisa, kwenye kona ya ndani iliyo karibu na mlango, ambako hakuna barabara ya kuziba. Na kombe lenyewe lichongwe kwa ndani kabla ya kurudisha bamba, kwa kuwa bamba hubadilishwa kwa dakika mbili, na kromu ndiyo inayotafutwa.